Swali Linalofika Ukingoni

Swali la kwanza katika mtihani wa mdomo wa doktora halipimi chochote. "Tueleze, kwa maneno yako mwenyewe, kazi yako inahusu nini." Mtahiniwa amelala na kuamka na jibu hilo kwa miezi; hata akiwa na homa angelitoa. Mtahini stadi analijua, na ndiyo maana analiuliza. Anataka koo lifunguke, mikono itulie juu ya karatasi, sauti ipate kimo chake. Mtahiniwa anapoeleza, mtahini hatafuti habari, maana habari alishazisoma. Anasikiliza pale sentensi inapofupika ghafla, pale "kama inavyojulikana" inapotumika kuziba pengo, pale mtu anapotaja jina la mwanazuoni mkubwa ili asiulizwe zaidi. Hapo anaweka alama ndogo ya penseli. Swali la pili litaanzia hapo.

Nimeupenda ustadi huu muda mrefu, na naona kwetu haujasifiwa vya kutosha. Tunamsifu anayefaulu. Huku kwetu Maniema, Kongo, mtoto wa Wamaza au wa Kasongo mjini akipata udaktari, kuku huchinjwa, vitenge vya sare hushonwa, dua husomwa na misa huombwa, na jina lake hutajwa kila barza. Ni haki yake. Lakini ng'ambo ya meza walikaa watu wanne au watano waliosoma mamia ya kurasa kwa ajili yake, wakatunga maswali usiku, wakanyamaza pale ambapo kusema kungekuwa rahisi, kisha wakapatana juu ya kitu kisichoonekana kwa macho: kama mtu huyu sasa anaweza kufikiri peke yake. Hao ndio ninaotaka kuwatazama.

Mtihani huu una sura nyingi. Nchini Marekani, mwanafunzi aliyemaliza masomo ya darasani huketi mbele ya maprofesa kadhaa kwa saa mbili au tatu, akiulizwa juu ya nyanja nzima ya taaluma yake, na akifaulu ndipo anaruhusiwa kuianza tasnifu. Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kimekuwa na desturi ninayoiheshimu sana: mwenyekiti wa jopo la mtihani huo hawi yule atakayesimamia tasnifu. Aliyemlea mtahiniwa hashiki usukani siku ya kumpima. Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, vyuo vilivyokuwa kitu kimoja chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kutoka 1963 hadi 1970, vilirithi njia ya Uingereza: mtihani huja mwisho, tasnifu ikiwa imeshaandikwa, na mtahini wa nje huisoma na kuandika ripoti yake kabla mtahiniwa hajaitwa kuitetea.

Sisi Kongo tulirithi njia ya Wabelgiji. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa 1954. Kisangani ilipata chuo chake 1963. Mwaka 1971 vyuo vikuu vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na 1981 vikatenganishwa tena. Majina yalibadilika, meza ikabaki. Kwa miaka mingi, baada ya graduat ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2, mtu alipitia kwanza DEA, yaani diploma ya masomo ya kina, na alipotetea andiko lake mbele ya juri ndipo wakubwa walipoona kama ana kifua cha doktora. Kisha teze, yaani tasnifu yenyewe, ilitetewa mara mbili: kwanza faragha, halafu hadharani. Sheria ya 2014 iliuweka mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora), na tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vimekuwa vikiuingia kwa pamoja. Ngazi zinapata majina mengine. Kazi ya anayeuliza ni ile ile.

Mlango uliofungwa ndio unaonivuta. Utetezi wa hadharani una uzuri wake: joho, ukumbi uliojaa, vigelegele vya akina mama, shukrani zinazomfikia hadi mjomba aliyelipa nauli ya kwanza ya kwenda Kindu. Ila kufika saa hiyo mengi yameshaamuliwa. Faraghani hakuna wa kupiga makofi. Mtahini anaweza kusema, "Ukurasa huu sikuuelewa, nifahamishe," na mtahiniwa anaweza kukiri kwamba naye ulimsumbua. Teze inaweza kurudishwa ikatengenezwe bila mtu kuaibika mbele ya wakwe. Kwa sababu hakuna anayetazama, watu wa pande zote mbili wanaweza kuwa wakweli.

Kazi ya mtahini huanza wiki nyingi kabla. Wapo wanaoanza kusoma teze kutoka mwisho: hitimisho kwanza, kisha orodha ya vitabu, kisha utangulizi, ili waone mtu ameahidi nini na amelipa nini. Wengine husoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi, kwa adabu, kama msomaji wa kawaida, na kalamu huingia mara ya pili. Katika kusoma huko maswali huja mengi, na ustadi umo katika kuyatupa. Linatupwa swali linaloonyesha elimu ya mwulizaji. Linatupwa linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. La alama za uandishi linaandikwa pembeni mwa nakala na kukabidhiwa kimya kimya baadaye. Halistahili dakika za mtihani. Linalobaki ni lile ambalo jibu lake halimo ndani ya teze, lakini aliyeiandika teze hiyo kwa jasho lake ana vifaa vyote vya kulijibu. Aliyeandikiwa na mwingine hana. Sijui kipimo kingine kinachowatenganisha watu hao wawili kwa upole namna hiyo.

Nichukue mfano wa kwetu, kwa kuwa Kasongo imejadiliwa katika vyumba vya mbali na wakazi wake wengi hawana habari. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ilifanya kazi Kasongo pamoja na waganga na wauguzi wa huko, wakijenga mtandao wa vituo vya afya na kutunza kumbukumbu. Mwaka 1981 timu ya Mradi wa Kasongo ilichapisha katika jarida la Lancet makala juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Kwamba surua inaua na chanjo inaizuia, hakuna aliyebisha. Timu iliuliza jambo gumu zaidi: mtoto dhaifu aliyeepushwa na surua, anapona kweli, au kifo kimeahirishwa tu, kije kumchukua baadaye kwa kuhara au kwa utapiamlo? Wakawalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Waliona faida katika umri ambao surua hushambulia zaidi, kisha faida hiyo ikaonekana kupungua watoto walipozidi kukua. Mjadala ukawaka. Peter Aaby, aliyefanya utafiti wake Guinea-Bissau, alikuja na hoja iliyoelekea upande mwingine kabisa: kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto wengi kuliko wale ambao surua yenyewe ingewaua.

Sasa mweke mezani binti wa Kabambare anayetetea faragha teze yake ya doktora ya afya ya jamii. Mtahini asiye na ufundi atamwuliza makala ile ilitoka mwaka gani na ilikuwa na majedwali mangapi. Atajibu au hatajibu, na hakuna atakayejua zaidi juu yake. Stadi ataanza chini kabisa: "Ungekuwa mwuguzi wa Kasongo wakati ule, baada ya kusoma makala hii, ungebadilisha nini kituoni kwako?" Hapo mtahiniwa anajifunua bila kushtuka. Akisema angeacha kuchanja, tunajua amesoma mistari akaacha maana. Akisema angeendelea kuchanja lakini angemfuata mtoto hata baada ya sindano, ampime uzito, aulize chakula cha nyumbani, tunajua ameliona fumbo.

Swali la pili linapanda kidogo. "Waliochanjwa na wasiochanjwa walitofautiana kwa nini kingine, mbali na sindano?" Hapa anayeijua Maniema ya kusini kwa miguu yake anang'aa. Atataja umbali wa kituo, mito inayofunga njia wakati wa masika, mama mwenye shamba la mpunga na mama asiye na shamba, mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa. Mtahini anamwachia ataje yote, hamkatizi. Kisha anambana kwa upole: "Chagua moja. Katika madaftari ya kituo ungeiona wapi?" Kutaja sababu ni rahisi, kuonyesha ingeacha alama gani katika karatasi ni kazi ya mtafiti. Na akishapita hapo, linakuja lile ambalo mtahini aliliandaa tangu usiku wa kwanza: "Ni tokeo gani likikujia litakufanya uache msimamo wako?"

Mpiga upondo wa Lualaba akiingia maji asiyoyafahamu huuchomeka mti mbele ya mtumbwi, hatua kwa hatua, mpaka pale usipogusa chini. Maswali mazuri yanakwenda hivyo. Hayakusudii kumzamisha mtu. Yanatafuta mahali ambapo chini hapaguswi tena, kwa sababu kila anayejua kitu ana mahali kama hapo, na doktora inatolewa kwa namna mtu anavyosimama akishafika.

Ndiyo maana watahini wazuri wanalingoja neno "sijui" kwa hamu. Kuna "sijui" inayotolewa ili swali liondoke. Inatoka haraka, macho yakiwa chini. Kuna inayofichwa ndani ya maneno mengi, mtu akizunguka dakika tano na kurudi alipoanzia. Na kuna ile inayofuatwa na "lakini". Sijui, lakini ningeanza kwa kutafuta watoto waliohama. Sijui, lakini nadhani jibu haliko katika madaftari, liko kwa wakunga. Nimewahi kumwona mtahini mzee, mkali kwa sura na mpole kwa desturi, akiweka kalamu chini aliposikia "lakini" ya namna hiyo. Hakuuliza tena kwa muda. Alikuwa ameshapata alichokuja kutafuta, na dakika zilizobaki aliwaachia wenzake.

Kunyamaza ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii. Swali limeulizwa, mtahiniwa ametazama dari, sekunde zinapita, na kila moyo wa kibinadamu mezani pale unataka kumsaidia. Profesa kijana hushindwa: anarudia swali kwa maneno mengine, halafu kwa mengine tena, na mara ya tatu amekwisha litoa jibu mwenyewe. Kwa kufanya hivyo amemnyang'anya mtahiniwa nafasi ya kulifikia. Mzoefu anakaa. Anaiweka sura yake katika hali isiyosema umekosea wala umepatia, na hilo halifundishwi katika kitabu chochote.

Kasongo ina watu wanaolijua jambo hili bila kupita chuo kikuu. Mji huo, ambako Uislamu uliota mizizi tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake walioitwa Wangwana, una vyuo vya Kurani, na humo maalimu humsikiliza mwanafunzi akisoma kwa moyo, juzuu baada ya juzuu. Mwanafunzi akiteleza, maalimu hodari hasahihishi papo hapo. Anangoja. Mara nyingi mtoto mwenyewe anasikia kwamba aya imepinda, anarudi nyuma, anaipata njia. Asipoipata ndipo anatajiwa neno moja, si aya nzima. Sisemi kwamba mitihani hii miwili ni sawa: mmoja unataka neno lilivyo bila kupungua wala kuzidi, mwingine unataka mtu aseme ambalo halijasemwa. Lakini sikio la anayesikiliza limelelewa vilevile. Msomi aliyepitia kwa maalimu kabla ya kwenda shule ya wazungu amekutana na mtu aliyejua kumngoja, na nadhani akija kuwa mtahini ana deni la kungoja na yeye.

Katika historia, ustadi huchukua umbo jingine, kwa sababu swali linaelekezwa kwenye karatasi. Msafiri David Livingstone alikaa miezi mingi Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare yetu, mwaka 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, miguu ikiwa na vidonda. Karatasi zilimwishia. Alipofika Nyangwe, kandokando ya Lualaba, aliandika daftari lake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mbegu za mmea wa huko huko. Tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia mauaji ya soko la Nyangwe, pale watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipowafyatulia risasi waliokuwa sokoni. Kitabu cha shajara zake kilitoka 1874, baada ya kifo chake, kikihaririwa na Horace Waller. Daftari lenyewe lilikuwa limefifia hata halisomeki, mpaka mtafiti Adrian Wisnicki na wenzake walipolipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kulitangaza 2011. Ikaonekana kwamba yaliyoandikwa siku ile na yaliyochapishwa hayalingani katika yote, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe.

Mtahini wa historia angeweza kuitumia saa nzima hapa bila kutoka Nyangwe. Kwa nini mtu aandike upya aliloliona kwa macho? Alikuwa anamwandikia nani? Je, Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili na yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, naye alikuwa anamsimulia nani? Kisha swali ambalo ningependa kulisikia likiulizwa kila mara: "Familia za Nyangwe zinazoishi leo, ungewaendeaje, na wangekuwa na sababu gani ya kukuambia ukweli?" Mtahiniwa aliyejiandaa kukariri tarehe atashika kichwa. Aliyejiandaa kuwa mwanahistoria ataanza kuongea taratibu, na watahini watasogeza viti.

Juu ya wote yupo mwenyekiti, ambaye kazi yake ikifanywa vizuri haionekani. Anagawa muda ili mwenye sauti kubwa asiule wote. Anaona maprofesa wawili wanapoanza kumpita mtahiniwa juu ya kichwa, kila mmoja akimjibu mwenzake kwa ajili ya ugomvi wa zamani, na anawarudisha kwa sentensi moja: "Tumsikie mtahiniwa." Anamzuia promoteri, yaani msimamizi wa teze. Hilo ni zito, maana promoteri ni mzazi katika chumba kile. Ameisoma teze mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila shambulio linamgusa. Promoteri mwema hufunga mdomo wake mwenyewe bila kuambiwa. Nimewaona wakiandika kwa bidii wakati swali gumu limeulizwa, kumbe wanajipa kazi ya mkono tu, ili mdomo usifunguke.

Mtahini stadi pia anajulikana kwa kustahimili kupingwa. Kongo ina kumbukumbu tukufu ya hilo. Tarehe 29 Januari 1960, miezi michache kabla ya Uhuru, Lovanium ilifanya mjadala juu ya teolojia ya Kiafrika. Upande mmoja alisimama Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa bado mwanafunzi. Upande wa pili Alfred Vanneste, mkuu wa kitivo chake. Mwanafunzi alitetea uwezekano wa teolojia yenye sura ya Kiafrika. Mwalimu alisema teolojia iwe kwanza ya kweli, ya ulimwengu wote. Hawakukubaliana. Maneno yao yakachapishwa mwaka ule ule, kila mmoja na hoja zake, na yanasomwa mpaka leo. Tshibangu alikuja kuwa rekta wa Lovanium mwaka 1967, kisha askofu. Haukuwa mtihani rasmi, wala hakuna maksi zilizotolewa. Lakini mkuu wa kitivo aliyekubali kujibizana na mwanafunzi wake mbele ya watu, hoja kwa hoja, alitimiza sehemu ngumu ya kazi ya kutahini: alimchukulia mwenzake kuwa mtu anayestahili kujibiwa.

Lugha nayo inataka ustadi. Mtihani Kongo ni wa Kifaransa, na mtu wa Wamaza aliyelelewa kwa Kiswahili na lugha ya nyumbani anaweza kuwa na fikra safi ndani ya sentensi iliyochakaa. Kuna mtahini anayeishia kwenye sentensi. Mwenzake hodari anasema, "Nipe mfano kutoka kijijini ulikofanyia utafiti," na ghafla Kifaransa kinanyooka, kwa sababu mtu sasa anaeleza alichokiona na ameacha kutafsiri alichokariri. Sioni kwamba huko ni kumpunguzia. Mtahini ameamua kupima kile alichoitwa kupima.

Kisha mtahiniwa anatolewa nje, na inaanza sehemu ninayoiona nzuri kuliko zote. Juri iliyo na nidhamu haianzi kuzungumza. Kila mmoja anaandika kwanza maoni yake na maksi zake kwenye karatasi yake, bila kuangalia ya jirani. Sababu yake ni rahisi: profesa mkubwa akitangulia kusema "mimi nimeridhika," wadogo wote wataridhika, na maoni matano yatakuwa moja. Wakishaandika, mwenyekiti mwerevu humpa nafasi mdogo wao aanze. Wanapitia mambo yale yale kwa kila mtahiniwa. Anaijua nyanja yake kwa upana? Anaweza kutetea njia aliyotumia na kutaja udhaifu wake? Alipopingwa alifikiri au alijihami? Amechangia kitu ambacho hakikuwepo? Ufasaha wa ulimi huwekwa mahali pake mbali kidogo, kwa kuwa mwenye ulimi mtamu hudanganya masikio ya watu wazima, na mwenye kigugumizi amewahi kuwa na teze bora kuliko wote.

Maksi zikitofautiana sana, hawazijumlishi wakagawanya. Wanarudi kwenye maneno. "Wewe umempa chini, ulisikia nini ambacho mimi sikukisikia?" Katibu anasoma jibu lilivyosemwa kutoka katika daftari lake, na mara nyingi inaonekana kwamba mmoja alilisikia jibu alilolitegemea badala ya lililotoka. Ndiyo maana katibu wa juri, ambaye kwa kawaida ni mdogo wa cheo na hapigiwi makofi na mtu, ni mhimili. Anaandika maneno, si tathmini. Akiandika "alijibu vibaya" amekwisha hukumu. Akiandika alichosema mtu, hukumu inabaki kwa wenye kazi hiyo. Wengi waliokuja kuwa watahini hodari walianzia kwenye kiti hicho, wakisikia mamia ya maswali na kuona yapi yalifungua na yapi yalifunga.

Katika desturi yetu uamuzi hutangazwa kwa daraja: distinksioni, distinksioni kubwa, na ile kubwa kuliko zote. Ukumbi hulisubiri neno hilo, na mimi naona limepewa uzito kupita haki yake. Uzito uko katika ripoti. Humo imeandikwa nini kirekebishwe, ukurasa gani, kwa nini, na nani atahakikisha kwamba kimerekebishwa. Juri inayoandika "ifanyiwe marekebisho" bila kuyataja imekimbia kazi. Na mtu asipofaulu, ripoti ndiyo inayoamua kama atarudi. Mfumo wa Marekani kwa kawaida humpa nafasi ya pili baada ya miezi kadhaa. Kwetu hurudishwa kwa promoteri wake. Njia zote mbili zinamhitaji mtahini atakayemwambia aliyeshindwa, uso kwa uso na kwa sentensi zinazoeleweka, ni mahali gani upondo uliacha kugusa chini na nini kifanyike hapo. Wanaoweza kufanya hivyo bila kumvunja mtu na bila kumdanganya ni wachache, na ningewalipa zaidi ya wote.

Kuna swali moja ambalo baadhi yao huliacha mpaka mwisho, muda ukiwa umebaki kidogo na mtahiniwa ameshadhani yamekwisha: "Swali gani tulipaswa kukuuliza, na hatukukuuliza?" Wengi huchanganyikiwa, hushukuru, hutabasamu. Lakini yule binti wa Kabambare, akiwa ndiye, atakaa kidogo kisha aseme: "Hamkuniuliza juu ya watoto ambao hawakuandikwa. Aliyezaliwa mbali na kituo na kufa kabla ya kupelekwa hayumo katika daftari la waliochanjwa wala la wasiochanjwa. Hesabu zangu zote zinaanza baada yake." Mwenyekiti atamwomba alirudie polepole, ili katibu alipate neno kwa neno. Kabla ya siku kwisha litakuwa limeingia katika ripoti kama sharti la kwanza: sura mpya iongezwe, juu ya watoto wasioandikwa, na mtahini aliyeuliza swali hilo aisome kabla ya teze kupelekwa hadharani.